Taya linapokaza: Tiba ipi ianze, ipi isubiri?

MAUMIVU ya taya ni miongoni mwa maradhi yanayowapotosha wagonjwa wengi. Mtu huamka asubuhi akihisi uzito mashavuni. Anapojaribu kupiga mswaki, anagundua kwamba kinywa hakipanuki kama kawaida. Akitafuna, maumivu humpanda hadi sikioni na kichwani. Wa kwanza kulaumiwa huwa ni jino, na wa pili ni sikio. Ni wachache wanaokumbuka kwamba taya nalo lina misuli, na kwamba misuli hiyo huchoka, hukaza na huuma kama ya miguu ya mtu aliyetembea kutoka Githurai hadi Ruiru.

Kwa mkazi wa Kiuu, Ruiru au Thika, jambo hili linagusa mfuko na pia mwili. Kabla ya kufika hospitalini atakutana na washauri wengi. Muuza dawa atampa viuavijasumu. Jirani atamwambia ang'oe gego. Kliniki nyingine itampendekezea sindano ya bei ghali. Akichagua vibaya, anaweza kupoteza meno mazima na pesa za karo, na maumivu yakabaki pale pale.

Leo tutalinganisha tiba za maumivu ya misuli ya taya na kinywa kisichopanuka. Tutatazama zipi zimethibitishwa, zipi ni za kujaribu kwa tahadhari, na zipi za kuepukwa. Lakini kabla ya tiba, ni lazima ujue kinachokuuma.

Misuli inayotafuna

Weka vidole vyako mashavuni, karibu na pembe ya taya, kisha uma meno. Utahisi kitu kigumu kikituna chini ya ngozi. Huo ni msuli mkuu wa kutafuna. Sasa peleka vidole kwenye mapanja, yaani kando za uso kati ya jicho na sikio, na uume meno tena. Hapo pia utahisi msuli mpana ukisogea. Kuna mingine miwili kila upande ambayo imejificha ndani. Yote hii huvuta taya la chini, ambalo limeshikamana na fuvu kwa viungo viwili vilivyo mbele kidogo ya masikio.

Misuli hii imeumbwa kufanya kazi kwa vipindi. Wakati hutafuni wala humezi, meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana. Shida huanza pale misuli inaponyimwa mapumziko. Dereva aliyekwama kwenye foleni ya barabara ya Thika huuma meno bila kujua. Mwanafunzi anayengoja mtihani hufanya vivyo hivyo. Wengine husaga meno usingizini, na anayewasikia ni mwenzao wa chumbani. Wengine hutafuna chingamu kutwa nzima, au hukaa na fundo la miraa au muguka shavuni kwa saa nyingi, siku baada ya siku. Kinywa kilichoachama kwa muda mrefu wakati wa kutibiwa jino, pigo la taya, au hata sindano ya ganzi iliyogusa msuli, vyote vinaweza kuuanzisha ugonjwa huu.

Jipime nyumbani

Simama mbele ya kioo. Achama kadiri uwezavyo bila kulazimisha. Kisha jaribu kuingiza vidole vitatu vya mkono wako, cha shahada, cha kati na cha pete, vikiwa vimepangwa wima kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Watu wazima wengi huweza. Ukiwa na rula iliyosafishwa vizuri, pima kutoka ncha ya jino la mbele la juu hadi ncha ya lile la chini. Mtu mzima kwa kawaida hufikisha milimita 40 au zaidi. Ukipata chini ya milimita 35, kinywa chako kimepungua kupanuka. Andika kipimo hicho pamoja na tarehe. Kitakusaidia baadaye kujua kama tiba inafanya kazi au unajidanganya.

Kwanza ondoa hatari

Kinywa kukataa kupanuka ni dalili, na dalili moja inaweza kuletwa na maradhi mengi. Baadhi yake hayangoji mazoezi wala taulo la moto. Nenda hospitalini upesi ukiona mojawapo ya haya:

Pepopunda. Ikiwa ulikatwa, ulichomwa na msumari, ulianguka na bodaboda au una kidonda chochote, na taya likaanza kukaza siku au majuma machache baadaye, usikae nyumbani. Kukaza kwa taya mara nyingi ndiko dalili ya kwanza ya pepopunda, kabla ya shingo, tumbo na mgongo kukakamaa. Ugonjwa huu uliwatisha wazee wetu. Imeandikwa mara nyingi kwamba moja ya sababu za jamii kama Wamaasai na Waluo kung'oa meno ya mbele ya chini ni kuacha nafasi ya kumlisha mgonjwa ambaye kinywa kimejifunga. Leo kuna chanjo. Mwenye jeraha chafu aulize kama anahitaji kuongezewa.

Usaha. Taya likikaza pamoja na homa, uvimbe wa shavu au chini ya kidevu, shida ya kumeza au mate kukutoka, huenda kuna jipu la jino au la koo. Gego la mwisho linalochomoza kwa shida kwa vijana ni chanzo cha kawaida sana. Uvimbe wa aina hii unaweza kuziba njia ya hewa.

Moyo. Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho jembamba au kukosa pumzi, hasa unapopanda ngazi au kubeba mzigo, yanaweza kuwa ya moyo.

Dawa. Kuna dawa za kuzuia kutapika, kama vile metoklopramidi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, ambazo kwa watu wachache hulivuta taya, shingo na macho kwa ghafla. Rudi ulikopewa dawa. Tiba yake ipo na huleta nafuu haraka.

Kinywa kigumu cha watafunaji popoo. Wanaotafuna popoo, tambuu au mchanganyiko wake unaouzwa katika pakiti wanaweza kupata makovu ndani ya mashavu. Ngozi ya ndani hupauka na kukakamaa, pilipili humchoma mtu kuliko zamani, na kinywa hupungua mwaka hadi mwaka. Hapa msuli hauna kosa. Makovu hayo yanaweza kugeuka saratani. Shirika la utafiti wa saratani la kimataifa, IARC, lilitangaza mwaka wa 2004 kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu. Dawa ya kwanza ni kuacha, na ya pili ni kuchunguzwa na bingwa wa magonjwa ya kinywa.

Mambo mengine. Donda la kinywani lisilopona kwa majuma mawili, uvimbe shingoni, ganzi ya mdomo, taya lililogongwa na meno yakawa hayakutani kama zamani, au kupungua uzito bila sababu, yote yanahitaji daktari. Vilevile mtu aliyepita miaka 50 anayepata kichwa kipya kwenye mapanja, taya kuuma anapotafuna na macho kufifia, aende siku hiyo hiyo.

Jino, kiungo au msuli?

Ukishahakikisha kwamba hakuna hatari hizo, jiulize maumivu yanatoka wapi. Jino bovu kwa kawaida huuma mahali pamoja. Hushtuka kwa maji baridi au moto, na daktari akiligonga unaruka. Msuli huuma kwa kina na kwa uzito, maumivu hutambaa shavuni na kwenye mapanja, na ukiubonyeza kwa kidole unasema, "Hapo hapo!" Huzidi asubuhi kwa wanaosaga meno usiku, au jioni kwa wanaouma meno mchana.

Kiungo nacho huuma mbele tu ya sikio. Kinaweza kulia "tak" unapoachama. Mlio usio na maumivu wala kukwama hauhitaji tiba yoyote, na watu wengi huishi nao miaka bila madhara. Lakini ikiwa kiungo kilikuwa kikilia, kisha siku moja mlio ukatoweka na kinywa kikakwama ghafla, huenda kisahani laini kilicho ndani ya kiungo kimehama. Hilo ni la kuonwa na daktari mapema.

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Msuli wa taya una tabia ya kutuma maumivu yake mbali. Msuli wa shavuni unaweza kukufanya uamini kwamba gego linauma. Mgonjwa huonyesha jino, jino hung'olewa, maumivu yanabaki, kisha hung'olewa la pili. Kabla ya kukubali kung'olewa, uliza maswali matatu: Jino hili lina kasoro gani? Eksirei inaonyesha nini? Je, misuli yangu imebonyezwa ikachunguzwa? Daktari mzuri hatachukizwa na maswali hayo.

Somo kutoka historia

Mwaka wa 1934, James Costen, daktari wa masikio, pua na koo huko St. Louis, Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa wenye maumivu ya sikio na uso, akadai kwamba chanzo ni meno kupungua na taya kupoteza mkao wake. Kwa miaka mingi baada ya hapo, madaktari wengi waliamini kwamba dawa ni kurekebisha meno: kuyachonga, kuyafunika au kuyainua.

Kisha madaktari wa Chicago wakafanya jaribio la kushangaza, lililochapishwa mwaka wa 1976. Walichukua wagonjwa 25 wa maumivu ya misuli ya taya na kujifanya wanawachonga meno ili yakutane vizuri, ilhali hawakubadilisha chochote cha maana. Wagonjwa 16 kati ya hao 25 walisema maumivu yameisha au yamekaribia kuisha. Si kwamba walikuwa wakisingizia ugonjwa. Jaribio hilo lilionyesha kwamba misuli iliyokaza hupata nafuu mtu anapotulizwa, anapoelezwa na muda unapopita, na kwamba sifa zilizopewa kuchonga meno hazikustahili.

Funzo la pili lilikuwa chungu zaidi. Katika miaka ya 1980, wagonjwa wengi Marekani walifanyiwa upasuaji na kuwekewa kiungo bandia chenye Teflon. Vifaa hivyo vilimeguka ndani ya miili yao na vipande vyake vikasababisha mfupa kuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya nchi hiyo iliviondoa sokoni, lakini waliokwisha kuwekewa hawakuweza kurudishiwa viungo vyao vya awali.

Kutokana na hayo, kanuni imebaki moja: anza na tiba inayoweza kusimamishwa leo bila kuacha alama. Ile isiyorudi nyuma, isubiri.

Tiba zinazoongoza

Desemba 2023, jopo la wataalamu likiongozwa na Jason Busse wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, lilichapisha mwongozo katika jarida la matibabu la Uingereza, BMJ. Ulihusu maumivu ya taya yaliyodumu miezi mitatu au zaidi. Watafiti walikusanya majaribio 233. Kati yake, 153 yenye wagonjwa 8,713 yaliweza kuwekwa kwenye mizani moja, na tiba 59, zikiwemo zilizochanganywa, zikalinganishwa.

Matokeo yanawafaa hasa watu wasio na pesa nyingi. Tiba zilizopendekezwa kwa nguvu hazina kisu wala sindano. Ni mazoezi ya kunyoosha taya yanayosimamiwa na mtaalamu, mtaalamu wa tiba ya maungo kulisogeza taya kwa mikono, kukandwa kwa vifundo vya msuli vinavyouma, mazoezi ya kurekebisha mkao wa shingo na mabega, na ushauri nasaha unaomfundisha mgonjwa kubadilisha mawazo na mazoea yanayochochea maumivu. Katika kundi hilo hilo imo huduma ya kawaida: mgonjwa kuelezwa ugonjwa wake, kutulizwa hofu, na kufundishwa mazoezi ya kufanya nyumbani.

Kutajwa kwa ushauri nasaha hakuna maana kwamba maumivu ni ya kuwaza. Mtu mwenye wasiwasi wa kodi ya nyumba huuma meno, na meno yakiumana msuli hukaza. Kumfundisha kugundua tabia hiyo ni kutibu chanzo.

Sindano ndogo za Kichina za tiba ya akupancha ziliwekwa daraja la pili: zinaweza kujaribiwa, ingawa ushahidi wake si wa nguvu.

Tiba za kufikiriwa mara mbili

Kinga ya plastiki ya meno. Hiki ni kifaa anachotengeneza daktari wa meno ili kivaliwe usiku. Kinayalinda meno ya msagaji yasilike, na kwa kazi hiyo kina faida. Lakini kama dawa ya maumivu ya muda mrefu, jopo lilipendekeza, kwa tahadhari, kisitumiwe, kwa sababu nafuu yake haikuwa dhahiri. Ukipewa, usikivae usiku na mchana kwa miezi bila kurudi kwa daktari. Meno yanaweza kuhama. Kifaa kinachokusudiwa kubadilisha mkao wa meno moja kwa moja kilikataliwa kabisa.

Sindano. Botulinamu hulegeza msuli kwa miezi michache, kisha nguvu hurudi na sindano huhitajika tena. Jopo halikuipendekeza kwa maumivu haya, wala sindano za steroidi wala zile za kuchoma vifundo vya msuli. Kuosha kiungo kwa sindano nako hakukupendekezwa kwa maumivu ya muda mrefu. Hata hivyo, bingwa anaweza kukufikiria kwa kiungo kilichokwama ambacho kimekataa mazoezi.

Mashine. Miali ya leza na mashine ya umeme mdogo wa kusisimua neva hutangazwa sana. Zote mbili ziliangukia upande wa zisizopendekezwa. Hazina madhara makubwa, ila zinaweza kumaliza pesa ambazo zingelipia mtaalamu wa tiba ya maungo.

Upasuaji wa kuondoa kisahani cha kiungo. Jopo lililipinga jambo hili kwa nguvu kwa wagonjwa wa maumivu haya.

Dawa za dukani

Ibuprofeni kwa siku chache, baada ya kula, inaweza kupunguza maumivu mapya ili uweze kufanya mazoezi. Haiwafai wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, wenye pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, wala wajawazito, isipokuwa kwa ushauri wa daktari. Parasetamoli ni laini zaidi kwa tumbo. Mtu mzima asizidishe tembe nane za miligramu 500 kwa saa 24, kwani ini litaumia.

Viuavijasumu havitibu msuli uliochoka. Vina kazi pale tu daktari anapoona usaha au ambukizo. Dawa za kulegeza misuli za jamii ya diazepamu huleta usingizi na uraibu. Dereva wa matatu au bodaboda azikimbie. Jopo lilipinga kwa nguvu kuchanganya dawa za jamii ya ibuprofeni na zile za jamii ya afyuni, ambamo tramado inayojulikana na wengi mitaani imo. Ukiona unahitaji dawa kila siku kwa zaidi ya majuma mawili, tatizo lako limeshapita uwezo wa duka la dawa.

Mpango wa majuma sita

Ukiwa huna dalili za hatari, fuata hatua hizi. Hazikugharimu chochote.

1. Lipumzishe taya. Tamka "na", uone ulimi unapogusa nyuma ya meno ya juu ya mbele. Uache hapo, midomo ifungane kwa ulaini, meno yaachane. Chagua kitu cha kukukumbusha, kwa mfano kila matatu inaposimama stejini au kila simu inapolia. Ukikuta meno yameumana, yaachanishe.

2. Badilisha chakula kwa majuma mawili. Uji, mukimo, wali, ndizi, viazi, ugali na mboga zilizokatwa ndogo ndogo vinakutosha. Acha mahindi ya kuchoma, miwa, njugu, nyama ngumu, chingamu, miraa na muguka. Kata chakula vipande vidogo, na unapopiga miayo zuia kidevu kwa mkono.

3. Tumia joto. Loweka taulo katika maji moto, likamue, lijaribu kwanza mkononi lisikuunguze, kisha liweke shavuni kwa dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku. Ikiwa taya limegongwa jana au leo, anza na barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa siku mbili za mwanzo.

4. Kanda msuli. Baada ya joto, zungusha ncha za vidole polepole juu ya msuli wa shavuni na wa mapanja kwa dakika moja kila upande. Maumivu yawe ya kuvumilika.

5. Fungua kwa mpango. Ulimi ukiwa juu pale unapotamka "na", achama polepole bila ulimi kutoka mahali pake, hesabu hadi tano, funga. Fanya mara sita, na urudie mara kadhaa kwa siku. Jitazame kwenye kioo ili taya lisiende upande.

6. Nyoosha. Baada ya juma la kwanza, kama maumivu yamepungua, weka kidole gumba chini ya meno ya mbele ya juu na cha shahada juu ya yale ya chini, kisha saidia kinywa kupanuka kidogo kupita kinapoishia chenyewe. Shikilia kwa sekunde 10 hadi 30 huku ukipumua. Usivute kwa mshtuko. Haraka haraka haina baraka. Ukihisi maumivu makali, au yakidumu saa kadhaa baada ya zoezi, punguza.

7. Pima kila Jumapili. Andika milimita zako. Ukipanda kutoka 28 hadi 31, hiyo ni hatua, hata kama hujaona tofauti mezani.

Watu wengi wenye maumivu ya misuli hupata nafuu kwa njia hizi katika majuma au miezi michache. Ambaye kipimo chake hakijasogea baada ya majuma matatu au manne, au kinashuka, asiongeze nguvu. Aende kwa mtaalamu. Waliotibiwa saratani ya kichwa au shingo kwa miali, na wenye makovu ya popoo, wanahitaji mazoezi ya muda mrefu chini ya uangalizi. Kwao hata vijiti vya mbao vya kukandamizia ulimi, vikipangwa kimoja baada ya kingine, hutumiwa kupanua kinywa kidogo kidogo.

Pa kwenda

Mkazi wa Kiuu ana bahati ya kuwa karibu na hospitali kadhaa za umma. Anza na kituo cha afya cha mtaani au Hospitali ya Ruiru Level 4, na umweleze daktari wa meno au afisa wa afya ya kinywa dalili zako zote. Wa upande wa Thika atakwenda Hospitali ya Thika Level 5. Kesi ngumu zaidi hutumwa kwenye hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Hospitali Kuu ya Kenyatta, au hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Usione aibu kuomba utumwe kwa mtaalamu wa tiba ya maungo. Wagonjwa wengi hudhani kazi yake ni mgongo na magoti tu, ilhali katika ugonjwa huu mikono yake ni miongoni mwa tiba zilizothibitishwa zaidi.

Ukienda kliniki ya kibinafsi, hakikisha anayekutibu amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya, KMPDC. Mwenye cheti halali hatakasirika ukikiuliza. Beba karatasi yenye vipimo vyako vya kila juma, orodha ya dawa unazotumia, na kinga ya meno kama umewahi kutengenezewa.

Msomaji, ukipendekezewa kuchongwa meno, kung'olewa au kupasuliwa kwa ajili ya maumivu ya misuli ya taya, omba muda na utafute maoni ya daktari wa pili. Taulo likikushinda, utaliacha. Zoezi likikuumiza, utalipunguza. Jino likishatoka, halirudi.